Mbili Ndefu, Moja Fupi

14 Aprili

Coralie ameumia goti. Hakuanguka na baiskeli. Aliteleza kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yake akiwa amekumbatia kapu la nguo. Daktari amesema asikanyage pedeli mpaka baridi ipite. Mwaka mzima tumefanya mazoezi, mimi na dada yangu, kwa ajili ya mbio za kusini: siku tano milimani, watu wawiliwawili, waanze pamoja na wamalize pamoja. Sasa nafasi yake anataka kumpa mumewe, Denzil.

Nikamwambia heri nifungwe nira na ng'ombe. Alicheka mpaka goti likamuuma, kisha akaanza kulia, nami nikakubali.

19 Aprili

Mazoezi ya kwanza na Denzil, barabara ya mlima Hartz. Huyu bwana ameendesha malori ya magogo nusu ya umri wake, na baiskeli anaiendesha vilevile: macho mbele, cha nyuma hakimhusu. Nilipofika juu nilimkuta amekaa juu ya jiwe, tufaha amelimaliza, jasho limeshamkauka.

"Shemeji," akasema, "unapanda kama unasindikiza jeneza."

"Na wewe unashuka kama aliyemo ndani yake."

Hakucheka. Akapanda baiskeli, akaondoka. Miaka yote hii sijui dada yangu huzungumza na nani jioni.

2 Mei

Mvua. Matufaha ya mwisho yameingia bandani. Vidole vimekufa ganzi kwa kuchambua.

9 Mei

Mvua. Tumezunguka mpaka kijiji cha Dover na kurudi. Maneno yote ya Denzil kwa siku nzima: "Kona." "Tope." "Twende."

23 Mei

Theluji imeshuka Hartz mpaka kwenye maegesho ya magari. Coralie ametupikia supu ya malenge. Nilimuuliza Denzil, mbele ya mkewe, akinipoteza kwenye ukungu atafanyaje. Alifikiri muda mrefu, kijiko kikiwa hewani.

"Utanifikia tu," akasema.

1 Juni

Kikao cha washiriki, ukumbi wa Geeveston. Watu wameleta mbwa, watoto, na ubishi wao kuhusu upepo wa tairi. Mkuu wa mbio ni Wendell Strick, mwenye sauti ya dalali wa mnada. Alitueleza kwamba kila jozi itapewa kifaa kimoja cha kuonyesha mahali ilipo, na kwamba mabondeni hakishiki mtandao, kwa hiyo tusikitegemee. Kila mtu atavaa filimbi shingoni. Ukiumia, piga mara tatu, ndefu, zote sawa. Atakayesikia akapita, jozi yake inaondolewa.

Kisha akashusha sauti kidogo. Siku ya tatu tutapita bonde la mto Arden. Humo wamo ndege kinubi wengi, wale waigaji, na huu ndio msimu wao wa kuimba. Huiga msumeno, huiga kamera, huiga mtoto anayelia. Wa Arden huiga filimbi: mbili ndefu, moja fupi. "Mkiisikia hiyo, songeni mbele. Mwaka jana watu wangu watatu waliacha njia kumtafuta mgonjwa, na mimi nikashinda siku nzima nikiwatafuta wao."

Ukumbi ulicheka. Wazee wa huko kusini waliosimama nyuma hawakucheka. Niliwaona.

2 Juni

Siku ya kwanza. Mvua ya ubavuni tangu kuanza hadi kumaliza. Tope mpaka kwenye ekseli, ruba mpaka kwenye kope. Denzil alinisubiri kila kilele, na kila nilipofika yeye akaondoka, kwa hiyo yeye alipumzika na mimi sikupumzika. Tumemaliza katikati ya msafara. Mahema yameloa kabla hata hayajafunguliwa.

3 Juni

Nimeanguka.

Ni pale penye daraja la gogo, mti mmoja uliolazwa juu ya kijito, wenye kuvu la kijani. Nilijua nishuke. Nilimwona Denzil amevuka bila kushuka, nikaona haya. Gurudumu la mbele lilikwenda kushoto, mimi nikaenda kulia, ukingo wa gogo ukanipokea kwa mbavu.

Denzil alirudi. Alisimama juu ya gogo akanitazama ndani ya maji kama mtu anayekagua mzigo uliomwagika. Aliniuliza kama naweza kupumua. Nikamjibu naweza nusu. Akasema nusu inatosha kufika kambini, maana kambi iko mbele na nyumbani kuko nyuma.

Daktari wa kambi, binti mpole mwenye mafua, aliminya mbavu zangu za kulia, akasema pengine moja ina ufa, pengine mbili. Dawa yake ni kupumzika. Kama sipumziki, basi nifungwe bandeji, nisicheke, nisikohoe. Nikasema shemeji yangu hawezi kunichekesha, kwa hilo niko salama.

Denzil alikuwa mlangoni mwa hema, amesikia. Baadaye nikakuta baiskeli yangu imesafishwa, cheni imetiwa mafuta, na usukani umeinuliwa ili nisiiname sana. Sikumuuliza ni nani.

4 Juni

Bonde la Arden.

Tuliingia asubuhi, mvua imekata na ukungu umekaa mahali pake. Njia inafuata reli ya zamani ya wakata magogo. Vyuma walishaving'oa, mataruma ya mbao yamebaki, yameoza, yanadunda chini ya tairi. Pande zote mbili ni mihadasi mizee iliyovaa kuvu, na chini yake ile miti ya mlazo, ambayo hukua, ikajilaza, ikatoa matawi yanayojisuka mpaka yakawa sakafu. Ukitazama unadhani ni ardhi. Denzil alisema wakataji walikuwa wakitembea juu yake, kimo cha nyumba kutoka chini, bila kujua. Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia, nadhani alitaka nisiikanyage.

Kwanza nilisikia baiskeli. Ule mlio wa gurudumu la nyuma linapojiendea lenyewe, tiktiktik, ukija nyuma yetu. Nikasogea pembeni nipishe. Hakupita mtu. Mlio ukahama ukawa kushoto, kisha ukawa juu, mahali ambapo hakuna njia wala ardhi.

Ndipo filimbi.

Ndefu. Ndefu. Fupi.

Nilikuwa nimeambiwa, na bado mikono yangu ilibana breki yenyewe. Haikuwa kama ndege. Ilikuwa na bati ndani yake, na mate. Ilitoka bondeni, ikanyamaza muda ambao mtu angenyamaza ili asikilize, ikarudia. Mbele yangu Denzil naye alikuwa amesimama. Sijawahi kumwona akisimama kwenye mteremko.

"Ni ndege," nikasema.

"Ndiyo."

Wala hakuondoka mara moja.

Kambi ya leo ni ukumbi wa zamani upande wa Hastings. Mpishi ni mwanamke wa sitini na kitu, Una Woolley, mwembamba, mikono mirefu. Alituwekea pai za kombe wa baharini zenye bizari, na aliponiona nakula kwa upande mmoja akanisogezea kiti chenye mgongo. Akaniuliza kama tumemsikia. Nikasema tumemsikia ndege. Akasema, "Ndege alijifunza kwa mtu, mwanangu."

Alinieleza akiwa anafuta meza, bila kuigiza, kama anavyosimulia mtu jambo la nyumbani kwake. Baba yake, Perce, alikuwa mpiga filimbi wa treni ya magogo. Majira ya baridi ya mwaka aliozaliwa Una, aliingia Arden kwa miguu kukagua njia na hakutoka. Watu walimtafuta. Walimsikia. Filimbi ilikuwa bondeni, kila siku, nao wanaifuata, na kila wakifika ilipo inakuwa kwingine. Wiki ya tatu, wakati hakuna kiumbe angekuwa hai kwenye ile baridi, bado ilikuwa inalia. Ndipo wakajua ni ndege wameshaichukua, na kwamba huenda kwa siku nyingi wamekuwa wakifuata ndege. Wale ndege wamefundisha watoto wao, na watoto wao, mpaka leo.

"Ila Mama hakuwa na huzuni," akasema. "Kwenye lugha ya treni, mbili ndefu na moja fupi maana yake gari limesimama, tuko salama, tusubirini. Kila baridi Mama alikuwa akinibeba mpaka kwenye uzio, akiniambia: Baba yako anatusalimia, anasema tumsubiri."

Alisema hivyo na uso wake ukawa wa kitoto kabisa. Nimelala nikimwonea wivu mtu mwenye salamu kama hiyo.

5 Juni

Hatukuendesha. Mto umepanda usiku, daraja la barabara kuu limekatika. Watu wanacheza karata. Mbavu zinaniuma nikiandika. Wendell ametangaza kwamba kesho, siku ya mwisho, tutarudi kwa njia tuliyojia: Arden tena, kinyume.

Denzil ameniambia nikitaka tuache, tuache. Nikamwambia Coralie yuko kwenye mstari wa kumaliza na goti lake. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, akitazama mvua, "Basi kesho nitakuwa karibu."

Tutaona.

10 Juni, hospitali, Hobart

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mtulinga wa kulia umevunjika, mbavu nne. Herufi zimelala kama za mtoto wa chekechea, lakini nataka niandike kabla jambo hili halijawa hadithi.

Tarehe sita. Tuliingia Arden saa za mchana, tumechelewa kwa sababu yangu. Theluji ya maji ilikuwa inanyesha juu ya ukungu, kitu ambacho sikujua kinawezekana. Na kweli Denzil alikuwa karibu. Muda wote nilikuwa naona taa yake nyekundu ya nyuma, na ilipopotea ilinisubiri. Karibu na kivuko cha mwisho tulisikia maji yakinguruma. Akaniambia nije polepole, yeye atangulie kutazama kama panavukika, asije akanipeleka pale halafu anirudishe na mbavu zile. Akatangulia. Ulikuwa uamuzi mzuri. Ningeufanya hata mimi.

Nilikuwa natembea, wala sikuwa nimepanda. Nasukuma baiskeli kando ya njia kupisha jozi iliyokuwa inakuja nyuma. Mguu ukakanyaga kijani, kijani kikanibeba, hatua moja, mbili, halafu kikafunguka.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kelele ya matawi yakikatika kwa mpangilio, juu kuja chini. Nikajikuta nimelala ubavu, baiskeli juu yangu, mahali penye kiza cha pango. Juu kabisa palikuwa na tundu dogo lenye mwanga, na lilikuwa linajifunga, kwa maana matawi yaliyopinda yalikuwa yanarudi mahali pake. Taratibu. Nilikuwa nayatazama.

Nikasikia ile jozi inapita juu. Tiktiktik. Nikaita, ilitoka sauti ya paka. Wakapita.

Nikatafuta filimbi kwa mkono wa kushoto. Nikajiambia: tatu, ndefu, zote sawa. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu, mbavu zikanichoma, pumzi ikakatika.

Nikapumzika, nikarudia. Ndefu. Ndefu. Fupi.

Nikarudia tena kabla sijaelewa nilichokuwa nasikia.

Nilijaribu kuanza na fupi. Nilijaribu kupiga ndogondogo. Mapafu yalikuwa yananipa pumzi mbili na kipande, na kila nilichofanya kiliishia kwenye wimbo ule ule. Na kutoka bondeni, baada ya kimya cha kiasi kile kile, nikajibiwa. Ndefu. Ndefu. Fupi. Ikiwa na bati ndani yake, na mate.

Haikuwa lugha ya treni. Perce Woolley hakuwa anasema tusubirini. Alikuwa amelala mahali kama pale, mbavu zimevunjika, anajaribu kupiga tatu.

Nilisikia jozi nyingine, na nyingine. Nilisikia mwanamke mmoja akisema, wazi kabisa, "Msikilize yule ndege jamani, nywele zinanisimama." Mwenzake akamwambia asonge mbele. Nilikuwa chini ya miguu yao. Niliwapulizia filimbi wanakokwenda, na kwa kila mpulizo nilikuwa nazidi kuwa ndege.

Baada ya hapo sina uhakika na mpangilio. Baridi iliacha kuuma. Kiza kikashuka kutoka kwenye lile tundu. Mlio wa gurudumu ukaja ukasimama juu yangu, mahali pasipo na njia, ukakaa hapo hapo ukizunguka bila kwenda popote. Mwanzo kila filimbi iliponijibu nilitetemeka. Baadaye nilitetemeka ilipokawia.

Halafu kitu kizito kikaanza kuvunja matawi, kikitukana. Ndege hawatukani hivyo. Tundu likafunguka, taa ikanipiga usoni, na nyuma ya taa ulikuwa uso wa Denzil, damu inamchirizika kwenye nyusi kwa sababu ya ruba, kofia ngumu hana.

"Wewe ni wa tatu," akasema.

"Wa tatu nini?"

"Nimeshatembelea ndege wawili."

Alishuka mpaka chini kwa kujidondosha. Akaipandisha baiskeli yangu nje kwa mikono yake, akailaza katikati ya njia, akasimama mbele yake ili atakayepita asimame au amkanyage yeye. Jozi ya mwisho ikasimama. Mmoja alikimbilia kivukoni kuita watu, mwenzake akatushushia blanketi la dharura la karatasi ya kung'aa. Denzil akarudi chini, akafungua koti, akanilaza mgongo wangu kwenye kifua chake, akakaa hivyo mpaka walipokuja na kamba. Nilimuuliza alijuaje kwamba ilikuwa mimi.

"Sikujua," akasema. "Waliofika kivukoni waliniambia ni ndege. Niliposikia, hata mimi nilijua ni ndege."

"Sasa?"

"Sasa nini. Ningekaa pale?"

Filimbi ililia tena, chini yetu, upande wa maji. Nilimhisi anaisikiliza kwa mwili mzima. Alikuwa amenishika mimi, na bado sehemu ya miguu yake ilikuwa inataka kuinuka iende.

16 Juni

Nyumbani kwa Coralie. Wauguzi wawili, mmoja ana goti moja na mwingine haongei. Wendell alileta maua na medali. Alisema sheria inaturuhusu kuhesabiwa kwamba tumemaliza. Denzil alimwambia mbele yangu kwamba mwaka kesho asiwaambie tena watu wapite. Alilisema taratibu, akiwa amesimama mlangoni, na Wendell hakupata pa kupita mpaka alipokubali.

17 Juni

Usingizi hauji vizuri. Nikivuta pumzi kwa kina inakatika palepale.

24 Juni

Una Woolley ametuma pai, na salamu kwamba atakuja kunitazama nikipata nguvu.

Nimewaambia Coralie na Denzil ninachokijua. Coralie amesema nikae kimya. Mama yake Una ameishi na kufa na salamu ile, na binti ameishi nayo mpaka amezeeka. Kweli yangu itamfaa nini? Haitamleta mtu. Nikamtazama Denzil.

"Asipokuuliza, kula pai," akasema. "Akikuuliza, mwambie."

3 Julai

Aliuliza.

Alikuja na basi la asubuhi, koti la mvua limekunjwa vizuri mapajani. Tukazungumza habari za barabara, za daraja jipya, za mtulinga. Coralie akaweka chai akaondoka. Una akazungusha kikombe chake kwenye kisahani, akasema amesikia kwamba nilipiga filimbi kule chini na watu wakapita.

"Ilitokaje?" akauliza.

Nikamwambia kulikuwa na ukungu. Akasema hakuniuliza ukungu.

Basi nikamwambia. Nilimwonyesha kwa pumzi tu, bila filimbi, hapo mezani: moja, mbili, na ile iliyokatika. Bado inakatika. Alinitazama kifuani, si usoni.

"Mbavu," akasema.

"Ndiyo, Bi Una."

"Kwa hiyo hakuwa anasema tumsubiri."

"Alikuwa anaita."

Nje kulikuwa na lori linarudi nyuma, likilia ule mlio wake, nasi sote wawili tukangoja limalize.

"Na sisi tukasubiri," akasema.

Nilitamani Coralie aingie, hata kwa ajili ya sukari. Una hakulia. Alikunja koti lake upya, ambalo lilikuwa limekunjwa tayari. Halafu akaniuliza kama kule chini nilikuwa peke yangu kabisa kabla ya mume wa dada yangu kufika, na nikaona kwamba hili ndilo swali alilolipandia basi.

Nikamwambia nilijibiwa. Kila nilipopiga, kitu kilinijibu, kwa sauti kama yangu. Mwanzo niliogopa. Mwishoni nilichokuwa naogopa ni kisijibu.

"Na yeye watakuwa walimjibu," akasema. "Siku za mwisho. Wakishajifunza."

"Nadhani watakuwa walimjibu."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayepima kitu kizito na kukuta anaweza kukibeba. Alipoinuka aliniuliza kama Denzil anaweza kumpeleka. Hataki kutafuta mifupa, alisema. Anataka kufika mahali ambapo mimi nilisikika.

13 Julai

Tumekwenda. Denzil aliendesha, Una mbele, mimi nyuma na mto wa kiti chini ya kwapa. Hakuna mvua. Jalidi, barafu nyembamba ya asubuhi, kwenye majani yote ya kangaga, pumzi zinaonekana. Denzil alitangulia kwa miguu na panga, akigeuka kila hatua chache kututazama, mpaka Una akamwambia sisi si mayai.

Tundu nililotokea limekwishajifunga. Kama si tawi alilolikata Denzil mwenyewe siku ile, tusingepajua. Tulisimama juu ya mataruma. Denzil akamwekea Una mkono mbele asisogee ukingoni, na Una akaushika mkono ule kama uzio.

Hatukungoja sana.

Ndefu. Ndefu. Fupi.

Nilimtazama Una, sikutazama msitu. Alisikiliza mpaka ikarudia. Kisha akavua glovu, mwanamke wa umri ule, akatia vidole viwili mdomoni kama mchungaji anayeita mbwa wake, akapiga. Tatu. Ndefu, zote sawa. Ya tatu aliivuta mpaka shingo ikamtoka mishipa.

Bonde likanyamaza. Hata matone yalikuwa kama yamezuiwa. Tulisimama pale muda mrefu sana, baridi inapanda kwenye buti, na filimbi haikulia tena. Una akavaa glovu zake, akasema tunaweza kwenda.

Filimbi ilitukuta tumeshafika kwenye gari, Denzil ameshashika kitasa. Ilitoka chini kabisa, upande wa mto. Ndefu. Ndefu. Na ya tatu ikaja, ikaendelea, ikaendelea mpaka mwisho wa pumzi.

Hakuna aliyegeuka. Denzil akamfungulia Una mlango, akangoja mpaka amekaa vizuri, akaufunga polepole ili usitoe sauti.